Makala yenu kuhusu mbwa wa kuvuta makala

Bwana Mhariri,

Salamu kutoka Himbi, hapa Goma. Yule mbwa wa kwenye picha ya gazeti lenu la juma lililopita, kijivu na mweupe, jicho moja la buluu na jingine la kahawia, aliyefungwa mbele ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, yenye magunia matatu ya makala, ni wa nyumbani kwangu. Anaitwa Sino. Siku alipopigwa picha mimi nilikuwa Bukavu kwenye kilio cha shemeji yangu. Niliporudi na boti, mke wangu alinipokea bandarini bila hata kuniuliza habari za msiba, akanikabidhi gazeti.

Nimeisoma makala hiyo ya makala mara nne. (Wasomaji wa mbali wanisamehe: kwetu Goma makala ni ya kusoma, na makala ni mkaa wa kupikia.) Mwandishi wenu anajua kupanga maneno, sikatai. Lakini kasema mambo mawili yaliyoninyima usingizi: kwamba mbwa wa theluji ni "injini mpya ya Goma", na kwamba kale kambwa kadogo kanakobweka pembeni ya picha ni "pambo la wazungu". Hako nako ni kangu. Nitafika kwake.

Mimi nimekuwa mlinzi, zamu kama tunavyosema hapa, kwa miaka kumi na tisa, na nyumba ya mwisho niliyolinda ilikuwa ya mama mmoja wa Norwei aliyefanya kazi kwenye ONG, shirika lisilo la kiserikali. Nilimwita Madamu. Mwaka 2019 alishuka na kizimba cha plastiki, ndani yake mtoto wa mbwa wa miezi mitano, aina ya haski, mbwa wa nchi za theluji. Alimwita Snø, kwao ni theluji. Watoto wa avenyu wakasema Sino, na kabla ya mwaka kwisha Madamu mwenyewe alikuwa anamwita Sino. Mkataba wake ulipokwisha mwaka 2023 aliniambia: "Huyu amezoea bugali na sauti yako. Nikimpeleka kwetu atakuwa mgeni." Aliniachia mbwa, mikanda yake, na kipimajoto cha ukutani.

Kipimajoto hicho ndicho nilichotaka mwandishi wenu akione. Madamu alikipigilia msumari karibu na bomba la maji, akachora mstari mwekundu kwenye nyuzi 15. Ikivuka hapo, Sino havuti kitu. Haski ana manyoya ya namna mbili, ya juu marefu na ya chini laini kama pamba, na mwili wake uliumbwa kutunza joto. Mbwa hatoki jasho mgongoni kama mimi na wewe. Anapumulia ulimi, na jasho kidogo tu chini ya nyayo. Kwa hiyo saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tunasimama sisi watatu mbele ya kile kidude, tochi mkononi, na asubuhi nyingi tulirudi ndani. Goma ina baridi kwa mtu wa Kisangani. Kwa haski ni jiko. Picha yenu inaonyesha vivuli vifupi chini ya miguu ya watu, yaani ni karibu saa sita mchana, juu ya mawe meusi ya volkano ambayo hata mtoto hayakanyagi bila ndara.

Kuna jirani aliyenishauri nimnyoe kama kondoo. Wengi hufikiri hivyo. Manyoya yale yale yanayozuia baridi huzuia pia jua lisifike kwenye ngozi, na ukiyakata mara nyingine hayaoti vizuri tena. Kazi yake ni kuchanwa. Mara mbili kwa mwaka anapukutisha manyoya hadi parseli nzima, kiwanja chote, inaonekana kama tumechinja kuku mia.

Na kuku nao wana habari yao. Mwaka 2020 Sino aliruka ukuta wa mawe, mrefu kuliko mimi, akaingia kwa mama wa jirani, na alipotoka kuku watatu walikuwa wamelala. Nililipa. Haski si mbwa wa kulinda nyumba: mwizi akija atamlamba mkono. Ila kitu kidogo kinachokimbia, kuku, sungura, paka, hapo damu ya mababu zake inaamka. Anachimba, anaruka, anafungua komeo kwa pua. Habweki sana. Anainua shingo na kulia kwa sauti ndefu, na kwa miezi ya kwanza majirani wa upande wa ziwa waliniletea mchungaji.

Sasa niseme juu ya kuvuta, maana mwandishi ameandika kana kwamba ni nguvu tu. Mwenye nguvu kwetu ni ng'ombe. Haski dume ana kilo ishirini na kitu, hafikii hata gunia la mchele. Anachokuwa nacho ni hamu. Ukimvalisha mkanda wa kifuani anatetemeka kama mtoto siku ya Krismasi, na hamu hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu hatakwambia amechoka mpaka aanguke.

Madamu hakumruhusu kuvuta uzito wowote kabla ya mwaka mmoja na nusu, mifupa ikomae. Kabla ya hapo alikuwa anaburuta bidoni (dumu) tupu la lita tano, ili azoee kelele inayomfuata nyuma. Mwanzoni alilikimbia, bidoni likazidi kumfukuza, akajificha chini ya gari. Ilichukua siku kumi. Kisha tukaanza maneno. Kwao madereva wa mbwa wana neno la kulia na neno la kushoto yasiyofanana hata kidogo, na tulipojaribu kwa Kiswahili tukakwama: "kulia" na "kushoto" yote yanaanza na "ku", na mbwa hushika mwanzo wa neno, hangoji mwisho wake. Akawa anasimama katikati ya njia akiniangalia. Basi kulia tukamwambia "dwati", la Kifaransa, kushoto tukaacha "kushoto", na tangu siku hiyo hajakosea. "Twende" ni twende. "Basi" ni kusimama. Neno gumu kuliko yote ni "kaza": mbwa anasogea mbele mpaka kamba inyooke, kisha anabaki hapo hapo, hageuki, harudi kunusa, kamba imekaza. Mbwa asiyejua "kaza" ataizungusha kamba miguuni mwake, na kwenye chukudu miguu hiyo inaingia chini ya gurudumu.

Tena chukudu sio sleji, lile gari lisilo na magurudumu linalovutwa na mbwa kwenye theluji. Jambo hili kila kijana wa chukudu analijua, nashangaa hakuna aliyemwambia mwandishi. Sleji juu ya theluji inakwaruza. Mbwa wakipunguza mwendo nayo inapungua, na dereva ana breki ya chuma inayouma barafu. Chukudu ni mbao nzito juu ya magurudumu yaliyovishwa mpira, na breki yake ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwenye gurudumu la nyuma. Waulizeni wanaoshusha viazi na kabeji kutoka Kibumba: kwenye mteremko hakuna anayevuta chukudu, yenyewe ndiyo inayokimbia, na wewe umepiga goti juu yake unamwomba Mungu. Mfunge mbwa mbele ya kitu hicho na umemweka mbele ya lori lisilo na breki.

Mwandishi alimtaja Balto, mbwa mwenye sanamu kule New York. Hadithi hiyo naijua, Madamu alinichorea njia yake kwa chaki kwenye ukuta wa gereji na mpaka leo sijaifuta. Mwaka 1925, mwezi wa kwanza, watoto wa Nome huko Alaska walishikwa na dondakoo, dawa ikabidi itoke Nenana, kilomita 1,085 au karibu yake. Ilikwenda kwa siku tano na nusu. Lakini hesabuni vizuri: walikuwa madereva 20 na mbwa kama 150, wakipokezana kituo kwa kituo. Kipande kirefu na kibaya kuliko vyote kilikuwa cha Leonhard Seppala na mbwa wake Togo. Balto aliongoza timu ya mwisho, ya Gunnar Kaasen, ndiyo maana akapata sanamu. Na mzigo wenyewe, ile dawa, ulikuwa kilo kama tisa! Mbwa 150 kwa kilo tisa. Gunia moja la makala, Bwana Mhariri, linapandishwa na wanaume wawili, na kwenye picha yalikuwa matatu kwa mbwa mmoja.

Sitaki niandike kama mtakatifu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfunga Sino kwenye chukudu kwa mara ya kwanza. Volkano yetu, Nyiragongo, ilipolipuka jioni ya tarehe 22 mwezi wa tano 2021, Madamu alikuwa kwao kwa likizo, na mimi nilibaki na mbwa wawili na familia yangu. Siku tano baadaye, baada ya matetemeko yale yasiyoisha, tukaamriwa tuondoke. Tulishika njia ya Sake kabla hakujakucha. Mwanangu alikuwa na chukudu ndogo ya kuchezea. Tukaweka bidoni moja la maji na kifurushi cha nguo, nikamvalisha Sino mkanda wake, nikasema "kaza", kisha "twende". Watu walikuwa wanalia, magodoro kichwani, mbuzi wanakanyagana, na katikati ya huzuni ile nikasikia mtu anacheka: "Ona, mbwa ndiye papa, baba wa nyumba!" Alivuta mpaka jua lilipoanza kuuma. Hapo nikamfungua, nikavuta mwenyewe mpaka Sake, kilomita kama 25 kwa jumla, naye anatembea kando yangu ulimi nje. Usiku nikamtazama nyayo: mbili zilikuwa zimechanika. Mawe ya volkano ni kama chupa. Tangu hapo namshonea viatu kwa jeans za zamani, na si wazo langu, hata kwenye mashindano makubwa ya Alaska mbwa hukimbia wamevaa viatu vya kitambaa.

Juzi niliporudi kutoka Bukavu sikukuta viatu. Nilikuta jeraha chini ya kwapa la kulia, ngozi imetoka, upana wa noti ya franka mia tano. Walimfunga kwa kamba ya nailoni ya kufungia mizigo, shingoni na kifuani. Fizi nyekundu kama nyanya, na mke wangu anasema jioni ile alikuwa anayumba kama mlevi. Alimlowesha maji tumboni, kwapani na chini ya nyayo, akamlaza penye upepo, akamnywesha kidogo kidogo. Alijua la kufanya kwa sababu Madamu alitufundisha sote. Kama nyumba ile isingekuwa na mtu wa kujua, leo ningeandika barua nyingine. Kijana aliyemchukua simtaji. Anauza makala ili ndugu zake wale, na maisha yalivyo sasa nani atamlaumu mtu kwa kutafuta nguvu za bure? Alikuja kuniomba msamaha na mama yake. Tumeyamaliza.

Nije kwa "pambo".

Anaitwa Sambaza, kwa sababu siku alipofika alikuwa mdogo, mweupe na mwembamba kama sambaza, wale samaki wadogo wa Kituku. (Hata samaki hao ni wageni, waliletwa ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo nani anawaita pambo?) Kilo nne, manyoya marefu usoni. Familia iliyokuwa naye Katindo ilihama ikamwachia Madamu, na ninavyokwambia, alikuwa mbwa aliyeharibika kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumwona. Alikuwa amebebwa mikononi maisha yake yote. Hakujua ardhi. Alikojoa kitandani, aliuma kila mkono uliomkaribia, na kila alipouma watu walicheka.

Hapo ndipo penye kosa. Sino akinguruma, avenyu nzima inakimbia na mimi namrekebisha papo hapo. Sambaza akinguruma, watu wanasema "ona kanavyojiona", wanamchokoza zaidi. Mbwa mdogo anayenguruma anasema kitu kile kile anachosema mkubwa: naogopa, rudi nyuma. Asiposikilizwa anaongeza meno. Na meno yake madogo yanaweza kuingiza kichaa cha mbwa sawasawa na ya mkubwa. Nyumbani kwangu wote wawili wanachanjwa kila mwaka, kadi ninazo. Kwa wenye watoto wanaocheza barabarani: mtoto akiumwa, hata akikwaruzwa tu, oshea jeraha maji na sabuni dakika 15 kamili, kisha nenda ukatafute chanjo siku hiyo hiyo. Usiweke petroli, usiweke majani.

Kumfundisha kulinichukua muda kuliko kumfundisha Sino. Kwanza tulimshusha chini. Nilimwekea kola na kamba nyepesi akatembea kwa miguu yake, na kila baada ya saa mbili nilimtoa nje mpaka akojoe, kisha ndipo apewe kitu mdomoni. Adui yake mkubwa alikuwa motari, dereva wa pikipiki. Alikuwa anawarukia visigino wanapopita langoni, na siku moja nusura aingie kwenye gurudumu. Basi nikanunua sambaza wa kukaanga wa franka mia tano, nikawakata vipande vya ukubwa wa njegere, nikakaa naye mbali na barabara, mbali kabisa, pale ambapo moto, yaani pikipiki, inasikika lakini haitishi. Moto ikipita, kipande. Ikipita nyingine, kipande. Baada ya siku mbili tatu tukasogea hatua chache. Akianza kubweka nilijua nimeharakisha, tunarudi nyuma. Wiki ya sita tulikuwa tumekaa mlangoni, moto zinapita, na yeye kila ikipita ananigeukia mimi kutazama mkono. Ndiyo, watu walisema nimekuwa mwendawazimu, Sambaza anakula sambaza wakati watoto wa watu wanalala njaa. Nilisikia. Vichwa vya hao samaki tulikula sisi.

Kuwaweka pamoja, baada ya yale ya kuku, kulinitia hofu zaidi. Siku za kwanza hawakuonana uso kwa uso. Tulitembea barabara moja, mimi na Sino upande huu, mwanangu na Sambaza upande ule, wote wanaelekea mbele. Kisha katikati ukawa wavu. Chakula mpaka leo kila mmoja kwake, mlango umefungwa. Sasa usiku wanalala mgongo kwa mgongo, na akipita mtu ukutani ni Sambaza anayeamsha nyumba. Mkubwa anainua kichwa tu, anamwachia kazi. Usiku wa mwezi uliopita watu walijaribu langoni kwetu. Mwandishi wenu akitaka kujua pambo ni nani kati ya hao wawili, aje alale kwangu siku moja.

Tangu picha itoke watu wananisimamisha wakitaka mtoto wa haski, mmoja alitaja dola mia mbili. Ndugu zangu, hata mbwa wetu waliwahi kufanyiwa hivyo, kupelekwa nchi isiyo yao. Wale wadogo wa misitu ya Congo wasiobweka, ambao wawindaji huwafunga kengele ya mti shingoni, wazungu wanawaita basenji, jina ambalo sisi tunalisikia kwa sikio jingine, kama "washenzi". Mwaka 1895 walipelekwa wawili Uingereza kuonyeshwa kwa watu, wakafa kwa ugonjwa wa kule. Ilibidi ingojwe mpaka miaka ya 1930 ndipo wengine waishi. Ukitaka mbwa, wa hapa hapa wapo Birere na Ndosho, wanalala chini ya meza za nyama, wanavumilia jua letu, na nimemfundisha mmoja "kaza" kwa siku nne. Sino alichukua wiki mbili.

Ninaloomba ni hili, mlichapishe ukurasa ule ule wa picha: mbwa huyo hakodishwi, hafungwi kwenye mzigo. Kijana yeyote wa chukudu anayetaka kuona jinsi mbwa anavyovuta, Jumamosi saa kumi na moja alfajiri tuko kwenye mzunguko wa sanamu ya Chukudu, na chukudu yetu ya mtoto, tupu, kama kipimajoto kimekubali. Na yule bwana aliyepiga simu mara tatu akitaka Sino amkutane na jike lake apate watoto wa kuuza, naomba asipige tena. Madamu alimhasi tangu mwaka 2020.

Zamu wa Himbi,
Goma
(jina langu mnalo ofisini)